Nahwu haijawashinda watoto, tumewaficha tu kwamba wameshaianza

Tangu kundi la kwanza la Gredi 10 liingie sekondari pevu Januari 2026, kuna mazungumzo nayasikia kila mara kwa wazazi wa South C na Eastleigh hapa Nairobi, iwe nje ya msikiti baada ya Ijumaa ama pale getini watu wakisubiri watoto. Mtoto alisoma Kiarabu tangu akiwa mdogo, shule asubuhi, jioni duksi, yaani chuo cha Kurani, halafu alipoambiwa achague masomo matatu ya mkondo wake Kiarabu akakiacha. Ukiuliza sababu unaambiwa nahwu, ile sarufi ya miisho ya maneno ya Kiarabu. Raf'u, nasbu, jarru, jazmu, zile hali nne za miisho, mtoto amechoka nazo. Hapo ndipo wazazi wanagawanyika, wengine wanasema watoto wa siku hizi hawana bidii, simu zimewamaliza, warudishwe kwa kuhifadhi matni, vile vijitabu vya kanuni, kama zamani, na wengine wanasema basi sarufi iondolewe kabisa mtoto afundishwe kuongea tu kama watu wa Dubai. Mimi naona pande zote mbili zimeisoma vibaya hii hali. Kilichowashinda watoto ni vile tumeipanga hiyo sarufi. Tunawaanzia na miisho ya maneno kabla hawajajua neno lenyewe limejengwa vipi, na tunawaeleza kwa Kiingereza wakati Kiswahili chao kimebeba istilahi nyingi za mwanzo za nahwu na hakuna aliyewaambia.

Kuna tofauti moja ambayo wazazi wengi hawaelezwi. Sarufi ya Kiarabu ina milango miwili mikubwa: sarfu, inayoshughulika na kinachotokea ndani ya neno, mzizi wa herufi tatu unavyozaa kitenzi, mtendaji, mtendwa na mahali, na nahwu, inayoshughulika na maneno yakikaa pamoja kwenye sentensi, na vile mwisho wa neno unabadilika kulingana na kazi yake, ambayo ndiyo i'rabu. Sasa angalia vile hayo majina matatu yameingia kwetu. Sarfu ndiyo sarufi. Nahwu ndiyo nahau, ambayo shuleni imebaki kumaanisha misemo kama kupiga moyo konde. Na i'rabu ndiyo irabu, zile a e i o u za madarasa ya chini, manake alama za i'rabu mara nyingi ni vokali fupi tu, u, a ama i. Mtoto wa Kenya anayataja haya maneno miaka kadhaa kabla hajaonyeshwa nahwu, halafu siku akionyeshwa anaambiwa ni kitu kigeni kutoka mbali.

Na elimu yenyewe ilikua sana kwa ajili ya watu kama sisi. Baada ya Uislamu kuenea, miji kama Basra ilijaa watu ambao Kiarabu hakikuwa lugha ya mama zao, makosa ya usomaji yakawa mengi, na haja ya kanuni ikawa kubwa. Sibawayhi, aliyefariki karibu mwaka 796 na ambaye hakuna mwananahwu anayempita kwa hadhi, alikuwa Mfursi. Kwa hivyo ile hoja ya ati asiye Mwarabu hawezi kuimiliki nahwu haina mashiko, aliyeiandika vizuri kuliko wote alijifunza lugha ya watu.

Sasa shuleni na duksini tunaanzaje? Wengi tunaanza na Ajurrumiyya, ile matni fupi ya Ibn Ajurrum wa Fes, Moroko, aliyefariki 1323, ama na kitabu kilichofuata mpangilio wake. Inafungua na al-kalamu huwa l-lafdhu l-murakkabu l-mufidu bil-wadh'i, yaani maana ya usemi wenyewe, inagawa maneno kuwa ismu (nomino), fi'lu (kitenzi) na harfu (vijineno kama bi na fi), halafu haraka sana inaingia mlango wa i'rabu. Kwa mwanafunzi wa Fes hiyo ilikuwa sawa kabisa, manake Kiarabu alikisikia sokoni na msikitini, maneno alikuwa nayo, alichokosa ni utaratibu wa miisho. Mtoto wa Pangani hana yale maneno. Ukimpa utaratibu wa miisho ya maneno ambayo hana, unampa funguo za nyumba ambayo haijajengwa.

Niliwahi kusaidia kusahihisha mazoezi ya Fomu Tu kwenye shule moja hapa mjini, kijana mmoja alikuwa ameandika i'rabu ya hadhara l-mu'allimu bila kosa hata moja, fi'lun madhin mabniyyun alal-fat-hi, fa'ilun marfu'un, kila kitu mahali pake. Nikamuuliza sentensi inamaanisha nini, akanyamaza. Nikamuuliza asubuhi mwalimu wa darasa anaweka alama ya nini kwenye rejista, akasema mahudhurio, na hapo hapo uso wake ukabadilika, kumbe hadhara ni kuhudhuria. Alikuwa na maksi zote za i'rabu na hakuwa na sentensi. Hilo swali la a'rib ma ya'ti, yaani changanua irabu za maneno yafuatayo, limetuzoesha kupima kitu ambacho mtoto anaweza kukifanya akiwa haelewi chochote.

Wacha nionyeshe ninachomaanisha nikisema istilahi ziko ndani ya Kiswahili. Mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza anaandika ubaoni nominativu, akusativu, jenitivu, predikati, maneno ambayo mtoto wa Nairobi hajawahi kuyatumia hata siku moja, kwa hivyo anahifadhi ugeni juu ya ugeni. Lakini Kiarabu chenyewe kinasema sentensi ya nomino ina mubtada na khabar, na khabar ndiyo habari. Umetaja kitu, sasa tupe habari yake. Al-kitabu jadidun: kitabu, habari yake nini, ni kipya. Hapo hakuna cha kukariri. Na'tu, ambayo huitwa pia sifa, ni sifa. Halu ni hali, mtu alikuwa katika hali gani akifanya jambo. Fi'lul-amri ni kitenzi cha amri. Shartu na jawabu lake ni sharti na jawabu. Badal ni badala. Harfu ni herufi. Ma'rifa, nomino inayojulikana ni ipi, ndiyo maarifa. Dhamiri, yaani kiwakilishi, ni neno lilelile la kitu kilichofichika ndani ya moyo, na kweli kiwakilishi cha Kiarabu mara nyingi kinajificha ndani ya kitenzi. Ile ninayoipenda zaidi ni na'ibul-fa'ili. Watoto wanaiogopa kwa sababu mtendwa ghafla anapewa raf'u, alama ya mtendaji. Lakini kila mtoto anamjua naibu mwalimu mkuu ni nani. Mkuu akiwa hayupo naibu anakaa kwenye kiti chake, anapiga sahihi yake na anaheshimiwa kama yeye. Kutiba d-darsu, somo liliandikwa, mwandishi hayupo, kwa hivyo darsu imekalia kiti na imechukua alama ya mwenye kiti. Dakika kumi zinatosha na hawasahau, manake hujawaongezea neno, umewafungulia walilokuwa nalo.

Sarfu nayo ndipo utajiri ulipo zaidi na ndipo tunapopita haraka zaidi, kitu ambacho sikielewi. Mtoto wa Gredi 7 anajua katibu, hakimu, shahidi, dhalimu, jahili. Mwambie ayaseme kwa sauti ashike mlio wake: kaatib, haakim, shaahid, dhaalim, jaahil. Huo ni mzani, yaani umbo la neno, wa fa'il, anayetenda. Halafu maarufu, mashuhuri, maalumu, majeruhi, mahabusu, madhubuti. Huo ni mzani wa maf'ul, aliyetendwa: aliyejulikana, aliyejeruhiwa, aliyefungwa. Halafu maktaba, madrasa, mahakama, mzani wa mahali. Sa hii chukua mizizi uipitishe kwenye mizani hiyo, mwandishi ni katibu na mahali ni maktaba, mwamuzi ni hakimu na mahali ni mahakama, je kilichoandikwa kitaitwaje? Mtoto mwenyewe atakuambia maktub kabla hujamfundisha. Nimeona watoto wakibishana kutafuta maneno ya kujaza jedwali kama hilo na kipindi cha dakika 40 kikaisha hawataki kutoka, na hilo ndilo somo ambalo wanasema linaboesha.

Kitenzi pia. Mwenye kutumia Kiingereza peke yake anashangaa vile neno moja linaweza kubeba mtu, wakati na kitu, lakini mwenye Kiswahili anasema nimekiona bila kufikiria, kwa hivyo ra'aytuhu haimshtui. Ninasoma, unasoma, anasoma, tunasoma, mtu anakaa mbele ya mzizi, na Kiarabu kinafanya vilevile wakati uliopo: aqra'u, taqra'u, yaqra'u, naqra'u. Halafu kuna mnyambuliko, ambao watoto wanafundishwa kwenye Kiswahili mpaka wanauchoka: vunja, vunjika, vunjavunja. Kiarabu kasara, inkasara, kassara. Andika, andikiana, ni kataba na takataba. Mtu akisema watoto wa Nairobi hawana Kiswahili siku hizi wana Sheng tu, namwambia asikilize Sheng yenyewe vizuri. Kijana anasema amenisho, ama tumeshalandi, kitenzi amekitoa Kiingereza lakini viambishi ni vilevile na vimekaa mahali pake. Msamiati umebadilika, mifupa iko. Na kwa mtoto wa Eastleigh anayeongea Kisomali nyumbani daraja ni fupi hata zaidi, manake Kisomali na Kiarabu ni za familia moja kubwa ya lugha, na kitenzi cha kuja kwa Kisomali kinasema imid, timid, yimid, nimid, nimekuja, umekuja, amekuja, tumekuja. Weka hizo kando ya a, ta, ya, na za Kiarabu uwaachie watoto wenyewe waone.

Wanaotaka turudi kwa kuhifadhi matni wana hoja nzito na sitaki kuipuuza. Kuhifadhi ukiwa mdogo kunakaa, na matni iliyohifadhiwa ni kama rafu ya kupangia unachokuja kujifunza baadaye. Wanazuoni wetu wa pwani, wale waliotoka kwenye halaka, madarasa ya msikitini, za Lamu kama za msikiti wa Riyadha, walipitia njia hiyo na Kiarabu chao hakikuwa na shaka. Lakini wale hawakuhifadhi peke yake. Walikaa na sheikh masaa, walisomewa vitabu vya fiqhi, mashairi, maulidi, walisikia Kiarabu kingi mno kila siku, na matni ilikuja kupanga bahari iliyokuwa imeshajaa. Sisi tumechukua matni tukaacha bahari, vipindi vichache kwa wiki, halafu tunashangaa. Na si mimi wa kwanza kusema hivyo. Ibn Khaldun, aliyefariki 1406, alitenganisha waziwazi umahiri wa lugha na elimu ya kanuni zake, akasema anayejua kanuni pekee ni kama mtu anayeweza kukueleza ushonaji hatua kwa hatua lakini ukimpa sindano hawezi. Kabla yake Ibn Madha wa Cordoba, aliyefariki 1196, aliwapinga wanazuoni wa nahwu kwa kuijaza elimu hiyo nadharia za amil, yaani kinachodaiwa kusababisha mwisho wa neno ubadilike, zisizomsaidia mwenye kuongea. Kwa hivyo anayedai mtindo wa kanuni kwanza ndio turathi na mengine ni mambo ya kisasa hajaifungua hiyo turathi yote.

Upande wa pili, wa kuondoa sarufi tufundishe mazungumzo tu, ndio naona dhaifu kabisa ingawa ndio unapendwa, manake unaonekana wa kisasa na kuna kazi Ghuba. Hoja yao ni kwamba huko mitaani hakuna mtu anayetamka i'rabu. Ni kweli, lahaja za kuongea zimeziacha hizo vokali za mwisho. Lakini hazijaacha sarfu. Dubai, Cairo, popote utakapoenda, utambadilishia mwanamke kitenzi na kivumishi, utatumia mizani, utaunganisha viwakilishi na kitenzi, usipofanya hivyo hueleweki. Ukiitoa sarufi yote humpi mtoto mazungumzo, unampa vitabu vya misemo ya watalii. Na kusoma je? Kiarabu cha gazeti, cha fomu ya ofisi, cha mkataba wa kazi, kinaandikwa bila irabu fupi. Herufi k, t, b peke yake zinaweza kuwa kataba, kutiba, kattaba ama kutub, ameandika, imeandikwa, amewaandikisha, vitabu. Lugha nyingi unasoma ndipo uelewe, hapa inabidi uelewe umbo ndipo uweze kusoma. Binti anayeenda Ghuba kufanya kazi na hawezi kusoma mkataba wake mwenyewe, hatukumsaidia kwa kumfundisha kaifa haluka, yaani hujambo, peke yake.

I'rabu basi inaingia lini? Inaingia mtoto akishakuwa na sentensi, na habari njema ni kwamba watoto wengi wa duksi wanazo tayari kifuani. Chukua sura tatu ambazo kila mmoja anazijua kabla ya miaka saba. Al-Fiil inasema kayfa fa'ala rabbuka. Quraish inasema falya'budu rabba hadhal-bayt. An-Naas inasema qul a'udhu birabbi n-nas. Rabbu, rabba, rabbi. Neno moja, mlezi mmoja, vokali tatu, na mtoto hajawahi kukosea hata mara moja kwa sababu ulimi wake umeshazoea. Sasa muulize kwa nini. Katika ya kwanza Mola ndiye anayetenda, katika ya pili ndiye anayeabudiwa, katika ya tatu ametanguliwa na bi. Hapo raf'u, nasbu na jarru zimepata kazi kabla ya kupata majina. Ama muulize kwa nini kwenye visa tunamwita Abu Lahab lakini kwenye sura tunasoma tabbat yada Abi Lahab. Wengi wamesoma hivyo miaka yote bila kujiuliza, na swali likishaingia haliwatoki. Kwa wanafunzi wasio Waislamu, na wapo wanaochukua Kiarabu, njia hiyo haipo, wao waanzie kwenye msamiati wa Kiswahili na wapewe sentensi fupi nyingi za kuhifadhi kwanza, hata mia mbili, kabla ya jina la kanuni yoyote.

Kuna pingamizi moja nimelipata kwa ustadh ninayemheshimu sana na lina ukweli: Kiswahili kinaweza kupotosha. Kweli. Maana zimehama, jumla kwa Kiarabu cha nahwu ni sentensi lakini dukani Gikomba ni bei ya jumla. Na kuna kosa ambalo linatokana moja kwa moja na Kiswahili, mtoto anasema qara'tu l-kitabu, fil-kitabu, kila mahali kitabu, kwa sababu sikio lake limezoea neno likiisha na u. Ile u ya kitabu na katibu kwetu si raf'u, Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti ndiyo maana kinaongeza u baada ya b na m, hakimu, naibu, na i kwa mengine mengi, habari, shahidi. Mwalimu asipolisema hili siku ya kwanza atalipigania miaka minne. Lakini hiyo ni sababu ya kutumia Kiswahili kwa uangalifu, si sababu ya kukificha, manake mtoto analeta hilo kosa darasani ukitaka usitake, afadhali ulitaje kwa jina.

Tukikubali haya, mambo kadhaa yanafuata. Gredi 7 na 8 ziwe za sarfu na upatanisho karibu zote, mizani, vitenzi, jinsia, na ile kanuni kwamba wingi wa visivyo binadamu unachukuliwa kama mwanamke mmoja, ambayo mtoto aliyelelewa kwenye ngeli na anajua kwamba uhai wa kitu unabadilisha upatanisho hataiona ya ajabu. I'rabu ianze Gredi 9 kutoka kwa alichohifadhi. Mamnu' mina s-sarf, zile nomino zisizopokea miisho yote, na namba kuanzia 3 mpaka 10 zinazogeuza jinsia zingoje sekondari pevu, hakuna anayekufa kwa kuzichelewa. Mitihani nayo, na kundi hili la kwanza litamaliza Gredi 12 mwaka 2028 kwa hivyo muda si mwingi, ipunguze a'rib na iongeze maswali ya kubadilisha: igeuze sentensi iwe ya kutendwa, mlete mtendwa mbele bila kupoteza maana, weka irabu kisha sema nani alimpiga nani.

Gumu zaidi ni walimu. Maustadh wetu wengi walisomea Madina, Cairo ama Khartoum, Kiarabu chao ni kizito na wanastahili heshima yake, lakini huko walifundishwa kwa Kiarabu na hakuna aliyewaonyesha namna ya kuitumia sarufi ya Kiswahili kama daraja. Mwalimu wa Kiswahili aliye kwenye chumba kimoja cha walimu naye anafundisha kutendwa, kutendesha na kutendana kila muhula bila kujua kwamba jirani yake anahangaika na vitu hivyohivyo kwa jina lingine. Hawa wawili hawahitaji semina wala bajeti, wanahitaji kukaa Ijumaa moja na silabasi zote mbili mezani. Mwalimu wa Kiswahili akifika kwa kauli ya kutendwa, ustadh aingie na kutiba wiki hiyohiyo, ikiwezekana kipindi kinachofuata, barua iliandikwa na kitabu kilisomwa bado ziko ubaoni hazijafutwa.